Kabla hujabonyeza "Ruhusu": jinsi ninavyozifungia mlango programu zinazochungulia

Nina meza ya kutengeneza simu Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Huu ni mwaka wa tisa. Kazi yangu ni vioo, betri na sehemu za chaji, lakini siku hizi wateja wanakuja na maswali mengine. "Fundi, bando linaisha kabla ya magharibi." "Fundi, simu inachemka na sijaigusa." "Fundi, namba ya mume wangu wameijuaje?" Hilo la tatu ndilo lililonifanya niandike, maana liliingia hadi nyumbani kwetu.

Mdogo wangu wa kike alipata dharura, mtoto amelazwa na hana kitu mkononi. Akapakua programu ya mkopo aliyoiona kwenye tangazo. Aliomba shilingi 60,000, zikaingia 45,000. Nyingine ikaitwa ada. Siku ya saba akadaiwa 60,000 kamili. Siku ya nane alfajiri, yeye bado amelala, mama mkwe wake akapokea meseji kwamba mkweo ni tapeli, amekimbia na pesa za watu, na wewe umeandikwa mdhamini wake. Mwalimu wa madrasa wa mtoto akaipata. Fundi cherehani aliyemshonea nguo ya Idi miaka minne nyuma akaipata. Mimi niliipata nikiwa kazini, nimefungua simu ya mtu.

Deni tulilichangia likaisha wiki ileile. Lakini mpaka leo mama mkwe akizungumza na mdogo wangu, kuna neno analimeza.

Nilipoikagua ile simu sikukuta mlango uliovunjwa. Siku ya kwanza programu iliuliza: nione anwani zako, yaani majina na namba ulizohifadhi? Akabonyeza Ruhusu. Meseji? Ruhusu. Rekodi za simu? Ruhusu. Mahali ulipo? Ruhusu. Mara nne ndani ya sekunde kumi, na mtoto ana homa mgongoni. Namba 412 zikaondoka. Kati ya hizo 412, yake ilikuwa moja tu. Zilizobaki ni za watu waliompa kwa kumwamini, kila mmoja kwa sababu yake, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Hapa kwetu laini inasajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, kwa hiyo namba ya simu ni mtu mzima, na jina lake, na ukoo wake. Ni amana. Ndiyo maana napoisafisha simu ya mteja huwa naanzia kwenye anwani, hata kama alichokuja nacho ni kioo.

Chukua simu yako ufuate huku ukisoma. Nyingi zinazofika mezani kwangu ni Tecno, Infinix, itel na Samsung, kwa hiyo natumia majina ya Android ya Kiswahili. Wenye iPhone nimewawekea sehemu yao mbele. Menyu hutofautiana kidogo simu kwa simu. Ukipotea, fungua Mipangilio, juu kuna kisanduku cha kutafutia, andika "ruhusa" au "faragha".

Tazama kwanza, usifute kitu

Kama simu yako ni Android 12 au mpya zaidi, ndani ya Mipangilio, sehemu ya Faragha, kuna Dashibodi ya faragha. Inaonyesha ni programu ipi imegusa mahali ulipo, kamera au maikrofoni ndani ya saa 24 zilizopita, na saa iliyogusa.

Kuna mama mmoja muuza vitumbua aliniletea simu yenye tatizo la chaji. Nilipomaliza nikamwomba tuangalie dashibodi pamoja. Tukagusa Mahali. Juu kabisa ilikuwa programu ya tochi aliyoipakua mwenyewe. Imesoma mahali alipo saa tisa na dakika kumi na mbili usiku, alipoamka kuangalia kama unga umeumuka. Imesoma tena saa kumi na robo, alipotoka uani kuwasha jiko. Imesoma saa kumi na moja, akiwa njiani na ndoo yake kuelekea kituoni. Kila alipowasha mwanga, tochi nayo iliandika alipo. Alizitazama zile saa kwa muda, akasema, "Kwa hiyo inajua natoka nyumbani saa ngapi." Ndiyo mama. Na inajua njia unayopita gizani ukiwa peke yako.

Tochi ya kumulika haina haja ya kujua uko Ngamiani au Pongwe. Tuliifuta palepale. Simu yake tayari ina tochi ya kiwandani: vuta skrini kutoka juu kwenda chini, utaiona.

Wateja huniuliza, sasa mwenye tochi anafaidika nini? Anafaidika kwa kuuza. Mtengenezaji wa programu ya bure mara nyingi huweka ndani yake kipande cha programu cha kampuni nyingine, ya matangazo au ya kukusanya taarifa. Kipande hicho kinatumia ruhusa zilezile ulizompa mwenye tochi, kinazituma taarifa kwa kampuni yake, na mwenye tochi analipwa. Wewe umekubaliana na mmoja, walioingia ni watatu. Haya si maneno ya kijiweni. Desemba 2013, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni ya Goldenshores Technologies, yenye programu ya tochi iliyoitwa Brightest Flashlight, iliyokuwa imepakuliwa mara mamilioni kwa mamilioni. Ilikuwa inatuma mahali alipo mtumiaji pamoja na kitambulisho cha simu yake kwa kampuni za matangazo, na ilianza kutuma hata kabla mtu hajabonyeza kukubali au kukataa masharti.

Kisa kingine kiliniuma zaidi, kwa sababu kinahusu programu niliyoiona kwenye simu za wazee wengi wa hapa. Novemba 2020 waandishi wa Motherboard, tovuti ya habari za teknolojia, waliripoti kwamba kampuni ya X-Mode ilikuwa ikipokea taarifa za mahali walipo watumiaji kutoka kwenye programu mbalimbali, mojawapo ikiwa Muslim Pro, ile ya nyakati za swala na kibla, na kuziuza kwa wateja wakiwemo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walikanusha kuliuzia jeshi moja kwa moja, wakatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Januari 2024, FTC ikaizuia X-Mode, ambayo mrithi wake anaitwa Outlogic, kuuza taarifa za maeneo nyeti. Mzee anafungua simu ajue magharibi ni saa ngapi, na alama ya alipo inasafiri bahari mbili. Nikiwawekea wazee programu za swala siku hizi, nazinyima mahali kabisa na kuandika jina la mji kwa mkono. Nyakati zinatoka sawasawa.

Sasa tunazima, ruhusa moja baada ya nyingine

Rudi Mipangilio, Faragha, kisha Kidhibiti cha ruhusa. Hapa simu imepanga kwa aina ya ruhusa badala ya jina la programu, na ndivyo ninavyopenda kufanya kazi. Jiulize swali moja tu kwa kila jina unaloliona: kazi ya programu hii ni nini, na kazi hiyo inafanyika bila ruhusa hii? Kama inafanyika, gusa jina, chagua Usiruhusu. Usiogope kuharibu kitu. Programu ikiikosa kweli ruhusa hiyo, mara nyingi itakuuliza tena; isipouliza, utairuhusu hapahapa siku utakayoihitaji.

Anwani. Hapa kaa muda mrefu. Mimi huacha programu ya simu yenyewe, ya meseji, na WhatsApp. Zilizobaki zote nazima: michezo, za kuhariri picha, kibodi za mapambo, redio, na hasa za mikopo. Kumbuka hili: tangu Mei 2023 Google imezikataza programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lake kuomba anwani na picha za mtumiaji. Kwa hiyo programu ya mkopo inayokuomba anwani leo inavunja masharti ya duka, au imekufikia kwa njia ya pembeni. Iache, hata kama shida imekubana.

Zile programu zinazokuonyesha jina la mtu asiyekuwa kwenye simu yako anapokupigia, watu wanazipenda, na najua zinasaidia kuwakwepa matapeli. Lakini fikiria jina hilo limetoka wapi. Nyingi zilijengwa kwa orodha za anwani za watumiaji wenyewe. Ukiiruhusu kuona anwani, yule rafiki uliyemwandika kwa jina la utani, au daktari uliyemwandika pamoja na ugonjwa unaotibiwa, wamo humo. Kwangu mimi hapana.

SMS. Fungua meseji zako uangalie kilichomo. Miamala ya M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa: salio lako, nani amekutumia, umemlipa nani, ada ya shule umelipa lini. Mtu akizisoma za miezi mitatu anaijua nyumba yako kuliko balozi wa mtaa. Humo pia zinaingia zile namba za siri za mara moja ambazo benki na WhatsApp hukutumia. Acha programu yako ya meseji tu. Benki ikikosa ruhusa hii, kitakachobadilika ni kwamba utaiandika ile namba kwa mkono wako. Rekodi za simu, fanya vivyo hivyo.

Mahali. Hapa kuna ngazi. "Wakati wote" sijaona mteja anayeihitaji, isipokuwa aliyeweka programu ya kuitafuta simu ikiibiwa. Ya kuita bodaboda au teksi mpe "unapotumia programu tu". Ya hali ya hewa, kwenye ukurasa uleule kuna swichi ya mahali kamili. Ukiizima, programu inapata eneo la jumla, na mvua ya Tanga haihitaji kujua mlango wako. Za muziki, za kukokotoa, za Biblia na Qurani, za mpira: usiruhusu.

Kamera na maikrofoni zikitumika, Android 12 na kuendelea huonyesha kitone cha kijani kwenye kona ya juu. Ukikiona na hupigi simu wala picha, vuta skrini chini, kiguse, kitakutajia jina.

Picha na faili: kwenye simu mpya unaweza kuchagua picha mbili tatu za kuonyesha badala ya kabati zima. Kalenda na mazoezi ya mwili, zima tu.

Vyumba vya nyuma

Watu wakimaliza ruhusa hudhani wamemaliza. Kuna sehemu mbili ambazo napenda kuziona kwa macho yangu.

Ya kwanza ni Ufikivu, iliyowekwa kwa ajili ya wasioona vizuri au wenye shida ya kutumia vidole. Programu iliyowashwa hapa inaweza kusoma kila kinachoandikwa kwenye skrini na hata kubonyeza kwa niaba yako. Kwa anayeihitaji ni msaada mkubwa. Kwa asiyeihitaji, orodha ya programu zilizopakuliwa inatakiwa iwe imezimwa yote. Niliwahi kukuta programu ya "kusafisha simu" imewashwa hapo, kwenye simu ya mhasibu. Ya pili ni programu za msimamizi wa kifaa, yaani zilizopewa mamlaka juu ya simu yenyewe. Hapo mara nyingi utakuta ile ya Google ya kutafuta simu iliyopotea. Jina usilolijua likiwa hapo, lizime kwanza, ndipo utaweza kuifuta programu yenyewe.

Halafu kitambulisho cha matangazo. Kila simu ya Android yenye huduma za Google ina namba ndefu inayowaunganishia wafanyabiashara vipande vyako: aliyekuona kwenye mchezo na aliyekuona kwenye redio wanajua kuwa ni wewe yuleyule. Mipangilio, Google, Matangazo, kisha Futa kitambulisho cha matangazo. Ni dakika moja. Matangazo yatabaki, ila watapata shida zaidi kukuunganisha.

Na bando. Mipangilio, Mtandao na intaneti, matumizi ya data ya programu. Angalia mwezi mzima. Facebook na TikTok kula GB si ajabu, umezitazama mwenyewe. Ajabu ni kikokotoo kilichokula MB 300. Gusa jina lake, zima data ya chinichini, kisha jiulize kwa nini bado unayo. Hapa ndipo wateja wengi huchangamka, maana bando ni pesa wanayoiona.

Mlango unaosahaulika

Programu nyingi mbaya nilizotoa hazikutoka Play Store. Zimetumwa kwenye kundi la WhatsApp kama faili: bando la bure, ajira, zile WhatsApp za rangi zisizo rasmi. Ili faili hilo liingie, lazima programu iliyolileta uwe umeipa ruhusa ya kusakinisha programu zisizojulikana. Itafute kwa jina hilo kwenye kisanduku cha Mipangilio, uizime kwa WhatsApp, kwa kivinjari na kwa programu ya mafaili.

Play Store nayo isome kabla ya kupakua. Tangu 2022 kila programu ina sehemu ya Usalama wa data, inayotaja inakusanya nini na inampa nani. Ila maelezo hayo huandikwa na mwenye programu mwenyewe. Yakikwambia inakusanya mengi, amini. Yakikwambia haikusanyi kitu, bado angalia itakachokuomba ikifunguka.

Wenye iPhone: Mipangilio, Faragha na Usalama, halafu Ufuatiliaji, uzime ile swichi ya kuruhusu programu ziombe kukufuatilia. Apple waliileta Aprili 2021, na ukishaizima kila programu mpya inahesabiwa kuwa umeikatalia. Rudi nyuma kidogo upitie Waasiliani, ndizo anwani, na Mahali kwa swali lilelile. Kuelekea chini kuna Ripoti ya Faragha ya Programu. Iwashe, ikae wiki, ndipo uisome. Majina haya nimeyatafsiri; kama simu yako imewekwa Kiingereza, mpangilio wa menyu ni huuhuu.

Kama wameshachukua

Kufuta programu hakurudishi kilichoondoka. Nasema wazi kwa sababu watu hufuta kwa hasira na kupoteza ushahidi. Fuata mpangilio huu. Kwanza piga picha ya skrini: jina la programu, ruhusa ilizokuwa nazo, mkopo ulioingia, kila meseji ya vitisho na namba iliyoituma. Waombe waliotumiwa wakurushie za kwao. Kisha zima ruhusa zote. Kisha tafuta ndani ya programu sehemu ya kufuta akaunti na uifute, ukiwa umeweka picha ya hapo pia. Mwisho ndipo uiondoe kwenye simu. Deni likiwa halali lipe; sheria ya taarifa binafsi haifuti mkopo, inamzuia anayekudai kukuaibisha kwa watu.

Sheria ipo. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa mikopo angalia pia Benki Kuu: Novemba 2024 ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Kenya wana sheria yao ya 2019, na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kupitia watu wengine kuwatumia meseji za vitisho. Hilo la "kupitia watu wengine" lishike. Aliyekopa alibonyeza Ruhusu. Mama mkwe hakubonyeza chochote, kwa hiyo naye ana malalamiko yake mwenyewe, mbali na ya mkopaji. Waambie wote waliotumiwa meseji kwamba nao wanaweza kulalamika kwa majina yao.

Halafu waombe radhi. Andika meseji moja fupi, siku hiyohiyo: "Ndugu, programu niliyoipa ruhusa imechukua namba yako kutoka kwenye simu yangu. Ukipata ujumbe kunihusu, usijibu, usilipe, usibonyeze kiungo. Piga picha unitumie. Nisamehe, namba yako ilikuwa mikononi mwangu." Mdogo wangu aliituma kwa watu mia nne na zaidi, na wengi walijibu kwa wema kuliko alivyotarajia.

Kwa mama mkwe hakutuma. Huko unakwenda. Nilimsindikiza, tukakaa mkekani, akamwonyesha simu yake swichi kwa swichi, kila mahali palipozimwa, kuanzia anwani. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kuuliza lolote kuhusu deni. Kisha akachomoa simu yake chini ya mto, akaninyooshea, akasema, "Haya, na yangu niangalizie."